Hisabati Mlangoni pa Fizikia

Januari 1854, ukumbi wa Senate House mjini Cambridge, Uingereza, ulijaa vijana waliokuja kufanya mtihani wa hisabati ulioitwa Mathematical Tripos. Mtihani ulichukua siku nane. Siku za mwanzo zilikuwa za jiometri, aljebra na mekanika ya kawaida. Za mwisho zilikuwa za kalkulasi, mwendo wa sayari na mawimbi ya mwanga, nazo ziliwatoa jasho hata walio hodari. Matokeo yalipotoka, majina yalipangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza alikuwa Edward Routh wa chuo cha Peterhouse. Wa pili alikuwa Mskoti wa miaka 22 kutoka chuo cha Trinity, James Clerk Maxwell.

Kijana aliyetaka kuwa mwanafizikia katika Uingereza ya wakati huo alipita hapo. Cambridge haikuwa na shahada ya fizikia, wala maabara ya kuifundishia. Swali linalowasumbua wanafunzi wa leo wanaojiandaa kwenda chuo kikuu, kwamba mtu ajinoe kiasi gani katika hisabati kabla ya kukabili fizikia, lilikuwa na jibu moja tu: hisabati kwanza, tena yote, na mengine yatafuata.

Jibu hilo lilizaa matunda makubwa, na pia lilikuwa na pengo. Miaka zaidi ya 170 tangu mtihani ule imeonyesha vizuri yote mawili, na sehemu ya ushahidi huo imetoka Lushoto na Iringa, nchini Tanzania.

Kilichowafikisha vijana wa Cambridge kwenye nafasi za juu kilikuwa tuisheni. Mihadhara ya maprofesa ilihudhuriwa na wachache, na kazi yenyewe ilifanyika kwa walimu binafsi waliolipwa na wanafunzi. Maarufu kuliko wote katikati ya karne ya 19 alikuwa William Hopkins. Aliwachukua vijana wachache kila mwaka, akawapa maswali wayafanye kwa kupima muda, akayasahihisha na kuwawekea mbele majibu bora ili kila mmoja ajipime. Mikononi mwake alipita George Stokes, aliyekuwa wa kwanza mwaka 1841. William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alikuwa wa pili mwaka 1845. Kisha wakafuata Routh na Maxwell wenyewe. Routh naye akaingia katika kazi hiyohiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha wanafunzi zaidi ya 600, na zaidi ya 20 kati yao walishika nafasi ya kwanza. Mmoja wao alikuwa Lord Rayleigh, wa kwanza mwaka 1865, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1904. Mwingine alikuwa J. J. Thomson, wa pili mwaka 1880, mgunduzi wa elektroni.

Orodha hiyo inatosha kumnyamazisha yeyote anayedhani hisabati ni pambo tu katika fizikia. Vijana hao walitoka kwenye tuisheni wakiwa na wepesi wa kuukunjua mlinganyo bila kusita, na akili yao ikabaki huru kufikiria jambo lenyewe. Mwezi mmoja baada ya Tripos, Maxwell alifanya mtihani mwingine, wa kuwania Tuzo ya Smith. Stokes alikuwa mmoja wa watungaji wake, na aliweka humo swali la kuthibitisha kanuni inayounganisha kinachotokea juu ya eneo na kinachotokea kwenye ukingo wake. Leo kila mwanafunzi wa fizikia ya umeme huijua kanuni hiyo kwa jina la Stokes, na Maxwell aliitumia katika nadharia yake ya umeme na usumaku. Tuzo ya mwaka huo aligawana na Routh.

Lakini umeme wenyewe Maxwell hakuupata kwenye tuisheni. Aliupata kwa mtu asiyejua kalkulasi hata kidogo.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyopewa kuvijalidi, na mwaka 1813 akaajiriwa kama msaidizi wa maabara katika Royal Institution mjini London. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogea ndani ya koili huzalisha mkondo wa umeme. Jenereta za umeme za Kidatu na Mtera nchini Tanzania, na za Olkaria nchini Kenya, zinafanya kazi kwa msingi huo. Faraday alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyo juu ya sumaku, akatazama chembe zilivyojipanga kwa mistari iliyopinda, na akashikilia kwamba mistari hiyo inaeleza jambo la kweli lililopo angani kuizunguka sumaku. Juzuu tatu za utafiti wake wa umeme zina maelezo ya majaribio ukurasa baada ya ukurasa, na milinganyo karibu hakuna.

Wanahisabati wengi wa Ulaya waliheshimu majaribio yake na kuiweka kando mistari yake. Wao walikuwa na kanuni za kani zinazotenda kwa mbali kati ya chaji na chaji, na kanuni hizo zilitoa majibu sahihi. Maxwell alichagua njia nyingine. Katika dibaji ya kitabu chake kikuu cha mwaka 1873 alieleza kwamba kabla ya kuanza utafiti wa umeme aliazimia kutosoma hisabati yoyote ya somo hilo mpaka kwanza amalize kusoma maandishi ya Faraday. Mtu aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani mgumu kuliko yote nchini aliiweka hisabati yake pembeni kwa makusudi, akaenda kutazama unga wa chuma kwa macho ya mtoto wa mhunzi.

Matokeo yake yalikuwa makala aliyoisoma Cambridge mwishoni mwa 1855 na mwanzoni mwa 1856, iliyoipa mistari ya Faraday umbo la kihisabati. Faraday alipoipokea mwaka 1857, alimwandikia Maxwell kwamba mwanzoni aliingiwa na hofu kuona nguvu zote hizo za hisabati zikielekezwa kwenye somo lake, kisha akastaajabu kuona somo limezistahimili. Baadaye mwaka huohuo alimwandikia tena na kumuuliza kama wanahisabati, wakishafikia hitimisho lao, hawawezi kulieleza pia kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye waweze kulifanyia majaribio.

Katika makala zilizofuata hadi 1865, milinganyo ya Maxwell ilitoa jambo ambalo hakuna jaribio la Faraday lililolionyesha: mawimbi ya umeme na usumaku yanayosafiri kwa kasi ileile ya mwanga. Mwanga wenyewe, alihitimisha, ni wimbi la aina hiyo. Redio, televisheni na simu za mkononi zimetokana na hitimisho hilo. Faraday asingelifikia bila kalkulasi. Maxwell naye, kama angeanzia kwenye kanuni za wenzake, huenda asingelifikia.

Cambridge yenyewe ilikubali pengo lake taratibu. Mwaka 1871 Maxwell aliteuliwa profesa wa kwanza wa fizikia ya majaribio, na mwaka 1874 maabara ya Cavendish ikafunguliwa chini ya uongozi wake. Wakati huohuo ilianza kuonekana kwamba nafasi katika Tripos haitabiri kila kitu. Hertha Ayrton, aliyesoma chuo cha wanawake cha Girton, alifanya mtihani huo na kuambulia daraja la tatu. Alikuja kuwa bingwa wa tao la umeme, mwanga mkali uliokuwa ukitumika kwenye taa za barabarani ukiwa na kelele na kuyumbayumba, akaeleza sababu za tabia hiyo, na mwaka 1906 Royal Society ikampa nishani ya Hughes. Na orodha yenyewe haikuwatendea wote sawa: Philippa Fawcett wa chuo cha wanawake cha Newnham alipata mwaka 1890 alama za juu kuliko mwanamume aliyetangazwa wa kwanza, ingawa wanawake hawakuwa na haki ya kupewa shahada. Desturi ya kuwapanga wanafunzi kwa nafasi ilikomeshwa baada ya mtihani wa 1909.

Miaka mitatu baadaye, mjini Zürich, upande wa pili wa hoja ulijitokeza kwa nguvu. Albert Einstein hakuwa dhaifu wa hisabati kama hadithi za mitaani zinavyodai. Alikuwa ameshaifahamu kalkulasi kabla hajafikisha miaka 16. Lakini alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha Zürich, kuanzia 1896, alikwepa vipindi vingi vya hisabati ya juu na kutegemea daftari za rafiki yake Marcel Grossmann kujiandaa kwa mitihani. Alidhani hisabati ya juu ni anasa kwa mwanafizikia. Mwaka 1912 alikuwa na wazo zito kuhusu kani ya mvutano na hakuwa na hisabati ya kuliandikia. Alirudi kwa Grossmann, sasa profesa wa hisabati, ambaye alimfungulia jiometri ya Riemann. Kazi ikachukua miaka mitatu mingine, hadi Novemba 1915, ndipo nadharia ya jumla ya uhusianifu ikakamilika. Katika miaka hiyo Einstein aliungama kwa mwanafizikia mwenzake kwamba amepata heshima kubwa kwa hisabati, ambayo sehemu zake za ndani alikuwa akizichukulia kama anasa tupu.

Mifano ya magwiji husisimua, lakini haimwambii mwalimu wa kawaida afanye nini na darasa la vijana 200. Kwa hilo ilibidi vyuo vianze kupima.

Marekani ilianza kwa kubadili vitabu. Mwaka 1956 Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa MIT, aliunda kamati ya kuandika upya fizikia ya sekondari. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik Oktoba 1957, fedha za serikali zikamiminika. Kitabu cha kamati hiyo kilitoka mwaka 1960 pamoja na filamu na vifaa rahisi vya majaribio, kwa nia ya kumfanya mwanafunzi aone wazo kabla ya kukariri fomula. Zacharias huyohuyo aliigeukia Afrika, na mwaka 1962 walimu na wanahisabati wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya hisabati kwa shule za Afrika. Vitabu hivyo vya Entebbe vilijaribiwa katika nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika Mashariki, na vilisaidia kuleta mada ya seti madarasani.

Vipimo vyenyewe vilikuja baadaye. Mwaka 1985, Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Arizona State University walichapisha matokeo ya mitihani miwili waliyowapa wanafunzi kabla ya kuanza fizikia ya chuo: mmoja wa hisabati, mwingine wa mawazo ya kawaida kuhusu mwendo na kani. Waligundua kwamba kila mmoja unabashiri ufaulu kwa upande wake. Mwanafunzi anaweza kuwa mkali wa aljebra huku akiamini kwamba kitu kikiacha kusukumwa lazima kisimame papo hapo, na muhula mzima wa mihadhara hauiondoi imani hiyo kirahisi. Eric Mazur wa Harvard alisoma kazi yao na kudhani wanafunzi wake, waliochujwa vikali, hawana tatizo hilo. Aliwapa maswali hayo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe. Matokeo yalimshtua Mazur, na kuanzia hapo akabadili ufundishaji wake, akawafanya wanafunzi wajadiliane maswali ya mawazo katikati ya mhadhara.

Je, hisabati haina kazi basi katika kuelewa mawazo? Mwaka 2002 David Meltzer wa Iowa State University alilichunguza swali hilo katika somo la umeme. Aliangalia jinsi uelewa wa kila mwanafunzi ulivyoongezeka katika muhula, kwa maswali yasiyohitaji kukokotoa sana. Walichokijua kuhusu umeme siku ya kwanza hakikuonyesha uhusiano na ongezeko hilo. Ujuzi wao wa aljebra siku ya kwanza ulihusiana nalo katika makundi matatu kati ya manne aliyoyachunguza.

Philip Sadler na Robert Tai nao waliwafuatilia wanafunzi wengi zaidi. Utafiti wao wa mwaka 2001, katika vyuo 18, ulionyesha kwamba kusoma fizikia sekondari kunasaidia kwa kiasi tu, na kwamba maandalizi mazito, kalkulasi ikiwemo, yana uzito wake. Utafiti wa mwaka 2007, wa wanafunzi zaidi ya 8,000, ulitoa tokeo lililotangazwa sana: biolojia ya sekondari husaidia katika biolojia ya chuo, kemia katika kemia, fizikia katika fizikia, lakini hisabati ya sekondari husaidia katika zote tatu.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao. Mhadhiri anapoandika kwamba kani ya mvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, mwanafunzi mwenye wepesi wa uwiano huona palepale kwamba umbali ukiongezeka maradufu kani inabaki robo. Asiye na wepesi huo anatafuta namba za kuingiza kwenye kikokotoo. Grafu ya kasi dhidi ya muda ikichorwa, wa kwanza anauona mchapuko kwenye mteremko wa mstari. Wa pili anauliza atumie fomula ipi. Nusu saa baadaye wamesikia mhadhara mmoja na kujifunza mambo mawili tofauti. Uwiano, grafu, trigonometria ya pembetatu, vekta na kupanga upya mlinganyo vinamfikisha mwanafunzi mbali katika mwaka wa kwanza, na kalkulasi humkuta akiwa tayari kuielewa kama hesabu ya mabadiliko.

Afrika Mashariki ilirithi mlango huu kutoka Cambridge moja kwa moja. Mitihani ya sekondari katika Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa ya bodi ya Cambridge kwa miongo mingi, mpaka mabaraza ya hapa yalipochukua kazi hiyo. La Tanzania lilianzishwa mwaka 1973. Ugawaji wa tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya Kidato cha Tano na Sita, uliendelea: anayelenga uhandisi au fizikia husoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), zenye hisabati ya juu, naye wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) hupewa hisabati tumizi ya msingi, maarufu kama BAM, yenye kalkulasi ya kuanzia. Kenya, baada ya kufuta Kidato cha Tano na Sita katika mfumo wa 8-4-4, iliingiza mwanzo wa kalkulasi katika Kidato cha Nne. Chini ya ngazi hizo kuna tatizo kubwa zaidi. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, kwa miaka mingi waliofaulu hisabati hawakufika theluthi ya watahiniwa. Mlango wa fizikia ya chuo kikuu umefungwa kwa walio wengi wakiwa bado na miaka 17.

Na gharama ya kufunga mlango kwa kigezo kimoja inajulikana Tanzania kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa ya moto kwa kuogopa kukosa nafasi. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa. Ya Mpemba yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, darasa lilipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea kusoma jedwali la logarithi, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kejeli hiyo.

Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba alisimama na kuuliza kwa nini maji ya nyuzijoto 100 huganda kabla ya yale ya nyuzijoto 35, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka katika jarida la Physics Education la Uingereza. Swali lile halikuhitaji kalkulasi kuulizwa. Lilihitaji kijana aliyeyaamini macho yake mbele ya kanuni aliyofundishwa.

Kulijibu ni kazi nyingine. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, mmoja wao kutoka Cambridge, walipima upya na kutilia shaka kama maji kweli hufanya hivyo. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kinadharia jinsi mfumo wenye joto zaidi unavyoweza kuufikia ubaridi kwa haraka zaidi, na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer nchini Kanada wakaonyesha tabia hiyo kwa majaribio, kwa chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji. Makala hizo zimejaa hesabu za uwezekano na fomula za vipeo zinazoshuka kwa kasi tofauti. Mwanafunzi wa Iringa anayetaka kuzisoma na kuzipinga au kuziendeleza anahitaji kuwa mwepesi katika logarithi, matriki na milinganyo ya mabadiliko, na misingi ya hayo hufundishwa katika hisabati ya juu ya Kidato cha Tano na Sita.